Nyumba Iliyoshushwa Bei

Siku hizi Djamila Zuberi akitajiwa bei, analipa. Haguni, hakunji uso, haweki kitu chini akajifanya anaondoka. Muuza mabati pale sokoni Kasongo akitaja bei yake, yeye anafungua fundo la kitenge, anahesabu noti, anajitwika bati moja kichwani na kushika njia. Kila mwezi bati moja. Vijana wa soko wameshaufanya mchezo: wanamtajia bei ya juu makusudi waone kama atashtuka, na anapolipa bila neno wanaona aibu wenyewe, wanamkimbilia kumrudishia pesa iliyozidi. Wengine wanasema amepata dhahabu kwa jamaa zake wa Lusangi. Wengine wanasema ni uzee, ingawa miaka hamsini na nane si uzee wa kumsahaulisha mtu thamani ya pesa.

Wanaomjua tangu zamani hawacheki. Wanakumbuka kwamba katika soko lile hakuwahi kutokea mtu wa kuvunja bei kama yeye, mwanamume wala mwanamke, na kwamba wauzaji wengine walipomwona anakuja walikuwa wanafunika bidhaa zao na kusema wameshafunga.

Kazi hiyo alifundishwa na bibi yake Amisa. Djamila alikuwa na miaka tisa bibi alipoanza kwenda naye Nyangwe kununua samaki wakavu kwa wavuvi wa mto Lualaba. Bibi Amisa hakumfundisha kuhesabu kwanza, alimfundisha kudharau. Samaki unayemtaka usimsifu hata kidogo. Mgeuze, mnuse, uliza kama alikufa mwenyewe, sema kichwa ni kikubwa kuliko mwili na wewe hulishi watu vichwa. Kisha muangalie muuzaji usoni. Akiwa bado anacheka, bei iko juu. Akiacha kucheka na kuanza kuwatazama samaki wake kama mtu anayeagana nao, toa pesa upesi, hapo ndipo penye haki. Bibi Amisa aliishi na kufa na mizani hiyo, na hakuwahi kupunjwa.

Djamila alipokua na kufungua duka lake dogo la chumvi, mawese na samaki, watu wakaanza kumchukua awapatanie bei zao. Mtu akitaka kununua pikipiki, mbuzi, kitanda, shamba, anapita kwanza kwa Djamila. Aliwahi kushusha bei ya jeneza mbele ya wafiwa, akamwambia seremala kwamba mbao zile zitaoza kabla ya marehemu, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Hakulipwa kitu. Alipewa soda, na aliambiwa, "Mama Yassine, bila weye tungekufa." Yassine ni mwanawe wa kwanza. Maneno hayo yalimshibisha kuliko soda, na tuseme ukweli, aliyapenda mno.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Anastasie, fundi wa kushona, ambaye yeye alimwita Mama Rosine kwa jina la binti yake aliyeolewa Kabambare. Mmoja Mwislamu wa mjini, mwingine Mkatoliki aliyezaliwa kwenye mashamba ya Lusangi, lakini nyumba zao ziliachana kwa viwanja viwili tu, na kwa miaka ishirini hawakupika kitu pasipo kuonjeshana. Anastasie alikuwa mjane wa mwalimu Théophile. Mwalimu aliacha nyumba ya vyumba vinne, ya matofali ya kuchoma ambayo waliyafyatua wawili, yeye na mkewe, likizo baada ya likizo. Anastasie ndiye aliyeteka maji ya udongo wote ule. Alikuwa akimwonyesha mgeni tofali moja karibu na mlango lenye alama ya kisigino cha Rosine alipokuwa mchanga. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa kiwanda chake. Alikuwa na cherehani mbili za miguu na mashine ya tatu, ile ya kufunga pindo za nguo, aliyoidundulizia pesa kwa miaka minne na kuifunika kila jioni kwa kitenge chake cha harusi.

Basi mwaka mmoja, mwezi wa tatu, akaja kijana mmoja kutoka Kindu, jina lake Gérard, anauza bima za nyumba na vyombo vya ndani. Kasongo neno bima halina watu wengi, linaitwa asiransi, na wengi walilijua kwa magari tu. Gérard alipewa nafasi ya kuzungumza baada ya misa. Akaeleza kwamba unalipa kidogo kila mwaka, na nyumba ikiungua au bati likipeperushwa na upepo, kampuni inakulipa. Watu walicheka sana. Anastasie hakucheka. Jirani yake alikuwa na jiko lililoezekwa nyasi, na kila kiangazi alikuwa akilitazama jiko lile kwa wasiwasi. Akamwendea Gérard, akamtajia nyumba ilivyo, akataja mashine zote tatu, meza, vitanda, makabati, vitambaa vya wateja. Kijana akaandika, akampa karatasi, akasema atapita Jumatano aione nyumba kwa macho kabla ya kutia sahihi.

Jioni ile ile Anastasie alimpelekea Djamila karatasi dukani.

"Mama Yassine, angalia hii. Bei hii iko ya haki?"

Djamila aliipokea karatasi. Ilikuwa ya Kifaransa, na Kifaransa chake kiliishia darasa la nne, lakini namba hazina lugha. Karatasi ilikuwa na namba tatu. Mbili zilikuwa juu, elfu sita na elfu nne, yaani thamani ya nyumba na thamani ya vitu. Ya tatu ilikuwa chini kabisa: dola sabini na mbili kwa mwaka. Djamila aliishika karatasi kwa juu, na kidole gumba chake kikafunika namba mbili za juu. Aliitazama ile ya chini peke yake.

"Sabini na mbili!" alisema. "Huyu mutoto anafikiri sisi tumeshuka jana kwenye miti? Bei ya kwanza hii. Muache akuje, nitakuwa pale."

Swali la Anastasie lilikuwa zuri. Ni Djamila aliyejibu swali jingine. Kati ya jioni zote alizowahi kuishi, Djamila huirudia hiyo, na kila mara anatamani angekishika kile kikaratasi kwa chini.

Jumatano Gérard alifika na pikipiki yake, kijana mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, amechafuka vumbi hadi kwenye nyusi. Djamila alikuwa amekwisha kuketi kwenye kiti cha mlangoni. Anastasie alisimama nyuma yake, mikono tumboni.

"Weye njo unauzaka asiransi?"

"Ndiyo, njo miye, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa niambie, sabini na mbili iko bei ya nyumba ya nani? Ya gavana?"

Gérard akacheka. "Iko ya nyumba hii, mama, na vitu vya ndani. Niliandika vile Mama Anastasie alinielezea."

"Alikuelezea na moyo wa mwenye nyumba. Ingia, uone na macho."

Na hapo Djamila akaanza kazi. Waliomwona siku ile wanasema hakuwahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Aliufungua mlango na kuufunga mara tatu ili Gérard asikie unavyolia. Alimwonyesha ufa chini ya dirisha, akauingiza ukucha. Alimtoa nje akamwambia ahesabu kutu kwenye mabati, akamwambia miti ya paa imeliwa na wadudu na hiyo nyumba inasimama kwa huruma ya Mungu tu. Matofali akayaita udongo ulioonyeshwa moto kwa mbali. Anastasie, aliyeteka maji ya matofali yale, aliinamisha kichwa na hakusema kitu, maana ndivyo inavyofanywa, anayekupatania bei humkati maneno.

Wakaingia kwenye kiwanda. "Hii mashini inakula uzi," Djamila alisema. "Hii ya pili muguu yake fundi aliungaunga. Ukiiweka sokoni hata bure hawabebe."

"Na ile kwenye kitenge?"

"Ile haiko yake. Watu waliiacha hapa tu."

Anastasie alifungua mdomo. Djamila alimfinya kiwiko kwa nyuma, na mdomo ukafungwa.

"Basi nisiiandike?" Gérard aliuliza.

"Usiiandike."

Kijana aliketi, akatoa karatasi mpya, akaitazama kwa muda bila kuandika. "Mama, nyumba nilikuwa nimeiweka elfu sita. Kama iko vile munasema, naweza kuiweka elfu tatu. Vitu navyo nitavikata nusu. Bei itashuka, ila dola nane ya karatasi haishuke, itafika arobaini."

"Shusha."

Gérard aliweka kalamu chini. "Munisikilize kwanza. Sisi hatuna kushusha bei. Bei inashuka kwa sababu nyumba imeshuka. Siku mambo ikiharibika, kampuni italipa ile nyumba ya kwenye karatasi, haitalipa hii ya matofali. Munaelewa, mama?"

Djamila alitabasamu. Maneno ya namna hiyo alikuwa ameyasikia maisha yake yote. Mvuvi husema ukimshusha hapo atakupa samaki wa jana, muuza vitambaa husema kwa bei hiyo rangi itachuja. Muuzaji gani hatishi?

"Mwanangu, siku hiyo Mungu aiweke mbali. Andika."

Akaandika. Anastasie akatia sahihi, akatoa dola arobaini, na Gérard akaondoka. Ni jambo moja tu lililomkwaruza Djamila, na alilipuuza: uso wa kijana haukubadilika hata kidogo. Aliteremka kutoka sabini na mbili hadi arobaini pasipo kuumia, hakuomba hata dola mbili za kumalizia. Bibi Amisa angeliona hilo angesimama na kuuliza, muuzaji huyu ameshusha kitu gani? Djamila hakuuliza. Anastasie alipika wali na sombe ya majani ya muhogo kwa samaki, wakala wawili barazani, na Djamila akamwigiza Gérard alivyokuwa akihesabu kutu, mpaka Anastasie akapaliwa kwa kicheko. "Bila weye wangenila," alisema.

Hakuna aliyewahi kumwambia Djamila, wala mwenyewe hakuwaza, kwamba sokoni unadharau mali ya muuzaji. Siku ile alidharau mali ya aliyemleta.

Mwezi wa saba, Jumapili, Anastasie akiwa kanisani, Djamila alikuwa uani kwake akianika mpunga. Alisikia harufu kabla ya kuona moshi. Jiko la nyasi la jirani lilikuwa limeshika, upepo wa kiangazi ukawa unang'oa majani yanayowaka na kuyatupa juu. Alipofika, moto ulikuwa umeshaingia chini ya mabati ya Anastasie, kwenye ile miti aliyosema imeliwa na wadudu. Miti ile ilikuwa mizima. Ilichukua muda mrefu kuungua, na wenye nguo za Jumapili walipofika mbio kutoka misa walimkuta Djamila ameingia mara ya pili, anaburuta ile mashine ya kufunga pindo kwa mkono mmoja. Haikutoka. Meza ilimwangukia, na walipomvuta nje mkono wake wa kushoto ulikuwa umebabuka kutoka kiwiko hadi kidoleni. Alichokuwa amekiokoa ni kifurushi kimoja cha nguo za wateja.

Kuta zilisimama. Paa lilikwenda nusu, pamoja na kiwanda na chumba cha kulala. Anastasie alikaa chini kwenye vumbi na gauni lake la misa. Wanawake walikuwa wakilia kumzunguka, naye ndiye aliyewanyamazisha.

"Haina neno," alisema. "Tuko na asiransi." Akamtafuta Djamila kwa macho, akamwona anamwagiwa maji mkononi, akamwambia mbele ya watu wote, "Mama Yassine, Mungu akulipe mara mbili."

Djamila alifurahi. Mkono unawaka, nyumba ya rafiki imeungua, naye alifurahi, kwa sababu alikumbuka kwamba karatasi ile ilipatikana kwa mkono wake. Furaha hiyo ndiyo anayoionea haya kuliko yote.

Wiki mbili baadaye Gérard alirudi pamoja na mzee mmoja wa kampuni yao ambaye kazi yake ni kukadiria hasara. Walipima, wakahesabu mabati, wakaandika. Anastasie alikuwa ameketi ndani ya majivu na kichungio, anatafuta bobini za uzi na vyuma vidogo vya mashine zake, na hakuwa akisikiliza. Gérard alimwendea Djamila.

"Mama, hasara ya nyumba tumeiona dola elfu mbili."

"Vizuri. Karatasi inasema elfu tatu. Elfu mbili iko ndani ya elfu tatu, ama?"

"Hapana, mama." Alisema akiangalia viatu vyake. "Nyumba nzima iko ya elfu sita, mzee amepima kuta. Mulitulipa kwa nusu ya nyumba. Basi kila kilichoungua, nusu iko yetu, nusu iko yenu. Tutatoa elfu moja. Vitu vya ndani navyo ni vilevile. Na ile mashini ya tatu haimo kwenye karatasi." Akakunja karatasi. "Nilisema, mama."

"Ulisema," Djamila alikubali.

Alikuwa na akili nyepesi ya hesabu, haikuhitaji kuelezwa mara mbili. Aliiona karatasi ya kwanza tena, namba mbili za juu, na kidole gumba juu yake. Kila ufa aliouonyesha siku ile, kila kutu, ulikuwa unakatwa sasa kwenye pesa ya Anastasie.

"Nimwelezee mwenyewe?" Gérard aliuliza.

"Hapana. Miye njo nitamwelezea."

Wageni walipoondoka, Djamila alimchutamia rafiki yake pale kwenye majivu, akamwambia kampuni itatoa nusu.

"Nusu?" Anastasie aliinua uso. "Kwa nini nusu?"

Pale ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Anastasie alikuwa amemuuliza wazi, na hakukuwa na mtu mwingine uani.

"Njo vile kampuni iko," Djamila akasema.

Maneno manne. Anastasie aliyaamini mara moja, kama alivyomwamini siku zote, akarudi kwenye kichungio chake.

Ungedhani yaliishia hapo. Anastasie si mtu wa kunung'unika, lakini alikuwa na deni la shukrani na alilipa hadharani. Kisimani, sokoni, baada ya misa, alisema wale wa asiransi ni wezi, wamechukua dola zake na kumrudishia nusu ya nyumba, na kama asingekuwa Mama Yassine kumshushia bei wangemla hata zaidi. Kisha anawaonyesha watu kovu la Djamila. "Huyu aliingia kwenye moto sababu yangu." Djamila alikuwa akisimama pale na mkono wake uliobabuka, hana pa kuuficha. Watu wanne waliokuwa wamemwahidi Gérard kujiandikisha wakakataa. Siku moja kijana alipita na pikipiki mbele ya duka, mtu akamzomea "Mwizi!", naye akapunguza mwendo, akamtazama Djamila, akamsalimia kwa heshima na kwenda zake. Angeweza kusema, nusu ya Kasongo ingemsikia. Hakusema. Jioni Djamila alimtajia mwanawe Yassine habari hiyo juujuu tu, na Yassine akamwambia, "Mama, mwizi gani huyu mwenye adabu hivi?" Chakula kilimshinda.

Pesa ya kampuni ilipofika, Anastasie alilazimika kuchagua: mabati au mashine. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na mwezi wa tisa ndio unaomlisha fundi mwaka mzima. Akaezeka upande ulioungua kwa nyasi, yeye aliyekuwa akiogopa nyasi za jirani. Pesa iliyobaki baada ya kulipa vitambaa vya wateja akaifunga kwenye leso, akaja dukani.

"Twende kwa Blaise. Ameleta mashini moja kutoka Uvira. Twende ukanishushie."

Djamila alisema mkono unamuuma. Anastasie akacheka, "Haushushi na mukono," akamshika ule mzima na kumtoa dukani.

Blaise anauza vitu vilivyotumika, na alipomwona Djamila alipumua kwa nguvu kama mtu anayejitayarisha kubeba gunia. Cherehani ilikuwa mezani, nyeusi, yenye maandishi ya dhahabu yaliyofutika kidogo. Blaise akataja bei yake ya kwanza, nayo ilikuwa juu, kila mtu alijua iko juu, Blaise mwenyewe akijua zaidi.

"Haya, Mama Yassine," Anastasie alinong'ona. "Shusha."

Djamila aliitazama ile mashine. Kilema alikwisha kukiona, kutu kidogo kwenye gurudumu, na neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini kutu ile ilimkumbusha mabati, na mabati yakamkumbusha mlango alioufunga na kuufungua mara tatu, na akaona hawezi tena kukitukana kitu chochote kitakachokuwa cha Anastasie.

"Iko mashini nzuri," alisema.

Blaise alidhani ni mtego. Anastasie alisubiri. Hakuna kilichofuata.

"Mulipe," Djamila akasema. "Mulipe vile amesema."

Na Anastasie, kwa kuwa hajawahi kumkata maneno, akafungua leso na kulipa bei ya kwanza. Hata majuto yake Djamila aliyalipia kwa pesa ya mwenzake, na hilo nalo ameliongeza kwenye hesabu anayojihesabia.

Waliibeba mashine wawili hadi nyumbani. Anastasie aliiweka barazani chini ya paa la nyasi, akaitia mafuta, akaweka uzi, akatoa sketi ya shule ya buluu kwenye kifurushi kilichookolewa motoni na kuanza kuijaribu. Ilishona vizuri. Djamila alikaa kwenye kile kiti cha mlangoni, karibu na tofali lenye kisigino.

"Weye unaumwa?" Anastasie aliuliza, miguu ikiendelea kukanyaga. "Ama Blaise ni ndugu yako siku hizi?"

"Mama Rosine, Gérard haiko mwizi."

Miguu haikusimama. Djamila akaanza kusema, na alipoanza hakupumzika. Alieleza namba tatu na kidole gumba. Alieleza kwamba kijana alionya na yeye akatabasamu. Alisema nyumba ilikuwa ya elfu sita na yeye ndiye aliyeifanya ya elfu tatu kwa mdomo wake, na nusu iliyokosekana ndiyo hii nyasi iliyo juu ya vichwa vyao. Alisema mashine ya tatu ingelipwa. Alisema aliyajua haya tangu siku ile ya majivu, akaulizwa, akadanganya. Alipomaliza alikuwa analia, na alilia kwa sauti, pasipo kujificha.

Anastasie alifika mwisho wa mshono, akainua mguu wa sindano, akakata uzi kwa meno. Akaiweka ile sketi mapajani.

"Nilimwita mwizi mutoto wa watu," alisema. "Mbele ya kanisa."

"Nitamwendea miye."

"Tutamwendea sisi wawili." Kisha akauliza, "Bei ya kwanza alisema ngapi?"

"Sabini na mbili."

"Na weye ukanifikisha arobaini."

"Arobaini."

"Thelathini na mbili, basi." Anastasie aliitazama sketi iliyo mapajani. Fundi huhesabu kwa nguo, na sare moja ya shule ni dola nne kushona. "Uniforme nane," akasema. "Mama Yassine, nane nazishonaka siku tatu."

Djamila tangu moto alikuwa amehesabu kila kitu, mabati, miti, mashine, elfu na nusu za elfu, lakini kile alichokipata siku ile ya ushindi hakuwahi kukipima kwa nguo. Anastasie alichukua sketi ya pili, akainyoosha chini ya sindano, akaweka miguu tayari.

"Ungeniambia tu iko ya haki," alisema. "Ningezishona."